Weusi unaomfikia msomaji: wino, brashi na uchapaji wa katuni za kutisha hapa Dodoma

Katuni ya kutisha isiyo na rangi inasimama kwa kitu kimoja, nacho ni weusi. Zimwi lililochorwa lote, likaonekana mpaka kucha, halimtishi mtu. Kinachomtisha msomaji ni ile pembe ya kisanduku ambayo jicho linaingia na halioni kitu. Pembe hiyo ikitoka ya kijivu, au ikiwa na michirizi kama ukuta uliopigwa chokaa mkono mmoja, hadithi yote imepwaya. Kwa hiyo vifaa vyote humu vinapimwa kwa swali moja: je, weusi uliowekwa mezani ndio utakaomfikia msomaji mkononi?

Mchoraji tunayemlenga ni yule anayejitegemea, anayetunga mwenyewe, anayechora na kuandika maneno mwenyewe, kisha anabeba kazi yake kwenda dukani kutoa nakala hamsini au mia. Kipimo chetu ni kijitabu cha kurasa 32 za A5, kila ukurasa umechorwa kwenye A4. Na mazingira ni haya ya Dodoma: mji ulio juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua kati ya Desemba na Aprili, na miezi yote inayobaki ni hewa kavu, upepo na vumbi. Ushauri mwingi wa kutia wino umeandikwa na watu wa nchi zenye unyevu. Hapa sehemu yake kubwa haifanyi kazi.

Anayetaka kujua cha kununua kabla ya kusoma sababu: brashi moja nzuri ya namba 2 au 3, chupa ya wino wa India usioyeyuka ukikauka, kalamu mbili za wino wa pigimenti (rangi ya chembe zisizoyeyuka), kadi laini ya gramu 250, mswaki wa zamani na wembe. Vingine vinaweza kusubiri.

Wino

Hapa ndipo pa kutumia pesa kwanza. Wino wa India ni masizi laini ya kaboni yaliyochanganywa na kitu cha kuyashikisha kwenye karatasi. Katika chupa nyingi kishikizo hicho ni shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, au akriliki, aina ya plastiki. Winsor & Newton, kwa mfano, wana aina mbili zinazofanana jina. Wino wao mweusi wa India wenye shelaki haupitishi maji ukishakauka, lakini ule wa India wa majimaji unayeyuka tena ukiguswa na maji. Soma kibandiko cha chupa, usitazame jina tu. Wino wa kalamu za kuandikia, zile za kujaza, uachwe kabisa. Rangi yake si chembe bali imeyeyuka ndani ya maji, inafifia kwenye jua na inakimbia ukipitisha brashi yenye rangi nyeupe juu yake.

Jaribio la dukani ni la dakika chache, na muuzaji mwelewa hatakataa kufungua chupa ya kuonyeshea. Paka kipande cha sentimita mbili kwenye karatasi uliyokuja nayo. Kikikauka, sugua kwa kidole kilicholowa. Pitisha ufutio mara tano. Kisha inua karatasi dirishani uitazame kwa upande. Wino wa shelaki utang'aa kidogo, na ng'aro hiyo ndiyo inayosumbua unapopiga picha kwa simu, kwa sababu weusi unarudisha mwanga na kutoka na mawingu meupe. Wa akriliki kwa kawaida ni butu zaidi. Kwa mtu anayeskani kwenye mashine, shelaki haina shida. Kwa anayetegemea simu, tunapendekeza akriliki bila kusita.

Kosa linaloharibu kurasa nyingi ni kumwaga wino mzito ukidhani utakuwa mweusi zaidi. Katika kiangazi cha hapa uso wa wino unakauka haraka na kufanya utando, huku chini bado kuna maji. Ukiweka kiganja, utando unachanika na kuacha kidonda cha kijivu ambacho hakizibiki vizuri. Piga mikono miwili myepesi, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa, na mielekeo ya brashi ikatane. Chora penseli kwa mkono mwepesi, HB au 2H, na usifute siku hiyohiyo. Ufutio unabeba kaboni ya juu, na weusi uliokuwa tititi unakuwa kama mkaa uliopulizwa. Ukishafuta kesho yake, rudia maeneo makubwa kwa mkono wa tatu.

Usichovye kwenye chupa. Mimina kiasi cha kijiko cha chai kwenye kizibo cha soda, funga chupa, fanya kazi kutoka kwenye kizibo. Hewa kavu inakula maji ya wino huo upesi, na dalili ni brashi kuanza kuvuta na kuacha mstari wenye mapengo. Hapo wengi wanaongeza maji ya bomba. Maji ya visima vya huku mara nyingi yana chumvi, na chumvi inaufanya wino ugande vipunje vidogo vinavyoonekana kama mchanga kwenye mstari. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kama maji ya betri. Hakikisha ni maji matupu na si tindikali ya betri, maana vyombo vyake vinafanana. Tone moja linatosha kizibo kizima.

Vumbi ni adui wa pili. Punje moja ikitua kwenye wino mbichi inajivika wino, inakauka kama upele, na kwenye skana inatoa kivuli chake yenyewe. Kazi za weusi mkubwa zifanywe asubuhi kabla upepo haujaamka. Kanga yenye unyevu ikitundikwa dirishani inapunguza vumbi, na pia inachelewesha ule ukavu unaogandisha kizibo.

Kuhusu kiasi: kurasa 32 zenye weusi wa karibu nusu ukurasa zinaweza kumaliza chupa ya mililita 30 na kuomba nyingine. Nunua mbili za toleo moja siku moja. Ukichanganya kampuni mbili kwenye ukurasa mmoja, mmoja unang'aa na mwingine haung'ai, na ukurasa unaonekana una viraka.

Brashi

Brashi ya manyoya ya Kolinsky, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, kama Series 7 ya Winsor & Newton iliyoanza kutengenezwa mwaka 1866, inagharimu mara nyingi zaidi ya brashi ya nailoni. Je, inastahili? Kwa katuni za kutisha, ndiyo. Unyoya wa asili una magamba madogo yanayoshika wino, hivyo unabeba mwingi na kuuachia taratibu. Mstari mmoja unaweza kuanza mwembamba kama unywele, ukanenepa kama kidole, ukarudi tena unywele, bila kuinua mkono. Mstari wa aina hiyo unaonekana kama unapumua. Kalamu ya ncha moja haiwezi kuutoa.

Pima kabla ya kulipa. Omba maji, lowesha brashi, ikung'ute mara moja kwa kifundo cha mkono. Ncha ijikusanye yenyewe ikawa moja. Ikigawanyika mbili, irudishe, hata iwe ya jina gani.

Nailoni inafanya kazi, lakini ina ugonjwa wake: baada ya kurasa kadhaa ncha inapinda kama ndoana na hainyooki tena, kwa kuwa plastiki inakariri mkunjo. Bado ina nafasi. Itumie kujazia weusi mkubwa na uitunze ya Kolinsky kwa mistari. Na zile brashi za shule zenye manyoya magumu, zinazouzwa kwenye steshenari yoyote ya Majengo au Uhindini, usizidharau. Ikiwa karibu kukauka, ikaburuzwa upande, inatoa gome la mbuyu ambalo huwezi kulichora kwa subira yoyote.

Utunzaji: chovya mpaka nusu ya manyoya, usivuke hapo. Shelaki ikipanda mpaka kwenye kola ya bati inakauka ndani, inayasukuma manyoya yafunguke, na brashi imekwisha. Suuza kila baada ya dakika kumi hata kama bado unaendelea. Mwisho wa siku osha kwa maji baridi na sabuni ya kuogea. Sabuni ya mche ni kali, inakausha unyoya. Acha povu kidogo kwenye ncha, ichonge kwa vidole, ilaze.

Brashi ya mfukoni ya Pentel ina ncha ya nailoni na wino wa katriji ndani. Ubora wake hapa ni kifuniko: haikauki na haili vumbi, kwa hiyo hakuna cha kuishinda ukienda kuchora miamba na mibuyu njiani. Udhaifu ni kwamba kwenye kadi laini wino wake unachelewa kukauka na kiganja kinaufuta, na katriji ni za kwake tu. Anayeagiza aagize na katriji za ziada kwa pamoja.

Kalamu, nibu na maka

Pigma Micron, kalamu za wino wa pigimenti, ni za kuaminika kwa fremu na maandishi. Lakini jua hesabu ya kupunguza. A4 ikishuka kuwa A5 inabaki asilimia 71. Namba 01 inachora mstari wa milimita 0.25, ukichapwa unakuwa kama 0.18, na hapo mashine ya kopi iliyochoka inaanza kuupoteza. Namba 005 yenye milimita 0.20 usiitumie kabisa kwa kazi ya kupunguzwa. Namba 05 ni milimita 0.45, nzuri kwa fremu na herufi. Usiipitishe juu ya wino wa brashi ambao haujakauka, ncha inaziba. Na wino wake nao unafifia ukifutwa sana.

Nibu, ncha ya chuma ya kuchovya, aina ya G, ya Zebra au Nikko, ndiyo chombo cha ile shule ya Kijapani ya kutisha: nywele, ngozi iliyokunjamana, mistari elfu inayozunguka. Nibu mpya ina mafuta ya kiwandani yanayozuia wino kushika. Yasugue kwa dawa ya meno kabla ya matumizi. Kwenye manila ya kawaida nibu inakwaruza nyuzi za karatasi, nyuzi zinakaa kati ya meno yake, na mstari unatapakaa. Inahitaji kadi laini. Kwa mistari ya kukatana, acha nafasi ya nusu milimita kati ya mstari na mstari kwenye A4. Ukibana zaidi, tona, yaani unga mweusi wa mashine ya kopi, inajaza mapengo na ule ufundi wote unageuka doa.

Makapeni hatuyapendekezi kwa lolote. Wino wake unatambaa na kutoa ukungu wa kahawia pembeni, unatokeza upande wa pili, na ukiweka tabaka juu ya tabaka mipaka ya kila mpito inaonekana. Ya ubao mweupe ni mabaya zaidi, yanafutika kwa kiganja.

Karatasi, nyeupe na wembe

Karatasi ya rimu ya gramu 80 ni ya rafu tu, ukiilowesha inapanda vilima. Manila ya steshenari ni nafuu na karatasi moja kubwa inatoa kurasa kadhaa, ila ubora unabadilika hata ndani ya bunda moja. Ina upande mmoja ulio laini kuliko mwingine, upapase kwa kidole na uweke alama. Ikiwa ya rangi ya maziwa, skana itaona kijivu kidogo na itabidi urekebishe. Bristol, ile kadi laini ya gramu 250, inavumilia brashi, nibu na wembe.

Nyeupe ndiyo inayoufanya weusi uonekane. Rangi nyeupe nzito ya maji, ya tyubu, iliyolainishwa iwe kama maziwa ya mgando, inatosha kwa macho gizani na utando wa buibui. Dawa nyeupe ya kufutia makosa inaacha kigaga kinachopasuka. Wembe ni bora zaidi kwa majani makavu na mvua: kwangua wino uliokauka kwa pembe ya wembe, mkono ukiwa umelala, upande mmoja tu. Alberto Breccia, mchoraji aliyezaliwa Montevideo na kufanya kazi Argentina, alitumia wembe na vipande vya karatasi vilivyobandikwa kutoa vitisho ambavyo kalamu haikuviweza. Kwenye manila wembe unang'oa karatasi, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni.

Mswaki ni wa kunyunyizia. Funika sehemu isiyohusika kwa karatasi iliyokatwa, lowesha nywele za mswaki kidogo sana, zivute kwa kidole gumba ukiwa kama sentimita 20 juu ya ukurasa. Wino ukiwa mwingi unapata matone ya mvua, ukiwa mchache unapata vumbi. Nyunyizia kwanza kwenye gazeti mpaka matone yawe ya ukubwa unaoutaka.

Kitisho kinatoka wapi

Mchoraji wa hapa akitafuta walimu wa weusi, watatu wanatosha kwa kuanzia. Mike Mignola wa Marekani anafundisha umbo: weusi mmoja mpana, bila mistari ndani, na jicho la msomaji linamalizia. Bernie Wrightson, naye wa Marekani, anafundisha subira ya mistari, jinsi mwanga unavyojengwa uzi kwa uzi. Junji Ito wa Japani, aliyekuwa fundi wa meno ya bandia kabla ya kuwa mchoraji, anafundisha usafi: uso wa kawaida uliochorwa kwa unadhifu mno, kisha kitu kimoja kimekosewa.

Lakini mwanga wa vitabu vyao ni wa mishumaa na mitaa yenye ukungu. Ukiuhamishia Dodoma unakuwa wa kuazima. Mji huu uko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua linasimama utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Saa sita mchana kivuli cha paji la uso kinajaza mashimo ya macho yote mawili, pua inatupa kivuli mpaka mdomoni, shingo inapotea. Chora kichwa namna hiyo kwenye uwanja mweupe usio na kitu nyuma na una mtu wa kutisha mchana kweupe. Waswahili wameihofia saa saba ya mchana tangu zamani, na mwanga wenyewe unaeleza kwa nini. Faida ya pili ni ya kiuchumi: ukurasa wa namna hii unakula wino kidogo na hauwezi kuharibiwa na mashine mbovu.

Mbuyu wakati wa kiangazi, ukiwa umepukutisha majani, ni umbo kamili la Mignola. Utazame kinyume na anga, chora ukingo wa nje tu, jaza. Usichore gome kwenye mti ulio nyuma. Gome ni la mti wa mbele, kwa brashi kavu.

Na ipo michoro ya miambani ya Kolo, wilaya ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Iko barabara ya Dodoma kwenda Babati, ukishaipita Kondoa mjini. Watu wa michoro ile ni warefu kupita kiasi, wembamba, vichwa vyao vina mistari mahali pa sura, wamepakwa rangi nyekundu ya udongo. Kwa mchoraji wa katuni za kutisha hilo ni somo la uwiano: mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu, mpe kumi au kumi na kimoja, mnyime uso, na msomaji anahisi kuna tatizo kabla hajajua ni nini. Nenda na daftari na brashi ya mfukoni, usiiguse michoro wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri. Nakili viungo na mikao, si picha nzima. Michoro ile si mapambo ya zimwi lako.

Ukurasa kabla ya wino

Kunja karatasi nane za A4 katikati, zitie moja ndani ya nyingine, andika namba 1 mpaka 32. Kijitabu hiki cha majaribio ni kifaa bora kuliko programu yoyote, kwa sababu kinakuonyesha mahali mkono wa msomaji unapogeuza ukurasa. Katika kitabu kinachosomwa kushoto kwenda kulia, kurasa 2 na 3 zinatazamana, na msomaji anageuza akitoka namba witiri kwenda namba shufwa. Kitisho kikae juu ya ukurasa wa namba shufwa. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa witiri kiwe mlango, mkono juu ya pazia, sauti. Ukiweka zimwi ukurasa wa 7, jicho limeshaliona lilipokuwa bado ukurasa wa 6.

Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Hawakumsubiri" ni neno moja, na kiputo chembamba kilichonakiliwa kutoka katuni za Kijapani, ambazo maandishi yake hushuka wima, hakitalibeba. Andika maneno kwanza, zungushia kiputo baadaye. Herufi ziwe na urefu wa milimita 4 kwenye A4, zitabaki kama 2.8 zikichapwa. Neno likilazimika kukatwa, likatwe kwenye silabi.

Sauti za kuandikwa ndani ya picha ni utajiri tulio nao na hautumiki vya kutosha. Tanakali zetu hazihusu kelele peke yake. Tuna giza totoro, kimya jii, kuanguka pu, kutumbukia chubwi. Andika "jii" kwa herufi nyembamba zilizoachana, ukutani mwa chumba kitupu, na umeuchora ukimya wenyewe. Herufi ziwe nyeupe ndani ya weusi, unene usiopungua milimita moja kwenye A4, la sivyo tona itazimeza.

Huduma ya uchapaji

Maduka ya kopi yanayozunguka vyuo, UDOM, CBE, Mipango, na yale ya katikati ya mji yamezoea ripoti na tasnifu. Mashine zao zimetegwa kwa maandishi: tona ya kubana, nukta 200 au 300 kwa inchi, mwendo wa haraka. Kwa kazi hiyo huduma ni nzuri na ya haraka. Kwa ukurasa mweusi, mpangilio huohuo ndio unaotoa kijivu. Kosa si la fundi. Anahitaji kuambiwa.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, kijivu, si "maandishi". A4 inatoka na pikseli 4960 kwa 7016. Futa kioo cha skana kabla, kwa sababu punje moja ya vumbi kwenye mashine za kuvuta karatasi inachora mstari ukurasa mzima. Kwenye kompyuta, Krita au GIMP zinatosha na ni za bure: sukuma weusi mpaka uwe mweusi kabisa na karatasi iwe nyeupe kabisa. Toa PDF. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwani ikienda kama picha inabanwa na mistari inapata ukungu.

Kabla ya kuagiza nakala, lipia ukurasa mmoja wa majaribio. Uwe na mraba mweusi wa sentimita 10, mistari ya unene tofauti, kipande cha mistari ya kukatana, na herufi nyeupe ndani ya nyeusi. Mraba ukiwa na mabaka katikati, omba tona isibanwe na msongamano uongezwe. Ukiwa na mstari mweupe unaojirudia kwa umbali uleule, kuna kifaa cha mviringo kimechoka ndani ya mashine na hakuna mpangilio utakaokiponya; nenda duka jingine. Kwenye mashine ya rangi, sema wazi nyeusi peke yake itumike. Ikichanganya rangi nne, mistari myembamba inapata kivuli cha bluu au nyekundu.

Kwa karatasi za ndani chagua gramu 100 ukiipata. Gramu 80 inaonyesha weusi wa upande wa pili, na kitisho cha ukurasa unaofuata kinavuja. Nakala 100 za kurasa 32 ni karatasi 800 za A4, ongeza za kuharibika, nunua rimu mbili. Katika kiangazi hewa kavu inazipa karatasi umeme tuli, zinashikana na mashine inavuta mbili kwa mpigo. Zipepete kabla ya kupakia.

Mpangilio wa kurasa: kwenye kila upande wa karatasi, namba mbili zijumlishwe ziwe 33. Upande wa kwanza 32 na 1, nyuma yake 2 na 31, kisha 30 na 3, nyuma 4 na 29, mpaka 16 na 17 katikati. Fundi akisema mashine inapanga yenyewe, mwombe atoe nakala moja na uihesabu ukiwa hapohapo.

Mashine nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni. Zinaacha milimita 4 au 5 nyeupe. Anayetaka weusi utoke nje ya ukurasa aikate A5 ibaki 143 kwa 200. Sisi tunaona fremu nyeupe ni salama zaidi. Karatasi nane zikikunjwa pamoja, zile za ndani zinachomoza karibu milimita moja na kukatwa zaidi, kwa hiyo kwenye A4 usiweke neno ndani ya milimita 11 kutoka ukingo.

Piga pini mbili kwa stepla ya mkono mrefu. Baindi ya plastiki ya mizunguko iepukwe, inatoboa picha za kurasa mbili katikati. Jalada la kadi ndilo linaloumiza: tona iko juu ya karatasi kama ngozi, na mkunjo ukipita kwenye weusi ngozi inapasuka na kuacha mstari mweupe mgongoni. Tengeneza mfereji wa mkunjo kwanza kwa rula na upande butu wa kisu, au acha ukanda mweupe wa milimita 6 mgongoni tangu kwenye mchoro.

Nakala zikishakamilika zisiingizwe kwenye mafaili ya plastiki laini. Joto la hapa linaifanya tona ishike kwenye plastiki, na ukichomoa kitabu, weusi wa jalada unabaki upande wa pili. Bahasha ya kaki inatosha, vitabu vilazwe kumi kumi na karatasi tupu katikati ya majalada.